Kimya cha Nakaswa

Mgambo alichovya kidole kwenye debe la unga, akakilamba, akamgeukia balozi wa nyumba kumi.

"Unga," alisema.

"Unga wa nini?"

"Wa ugali, ndugu balozi. Sembe."

"Mimina wote. Amri ni kutafuta kila mahali."

Sembe ikamiminwa mkekani, ukafuata unga wa ulezi, yakafuata maharage. Albina alisimama mlangoni na mikono yenye povu la sabuni, maana walimkuta anafua na hakuna aliyempa nafasi hata ya kujifuta. Balozi Wilibrodi alikuwa jirani yake wa mbele kwa mbele. Jumapili tu aliazima jembe katika nyumba hii, na jembe lenyewe alikuwa bado hajalirudisha. Leo alizungumza kwa sauti ya ofisini, macho yake yakitafuta pa kukaa.

"Balozi, mnatafuta nini ndani ya chakula cha watoto?"

"Vidonge, Mama Dominika. Mandrax. Vidonge vyeupe vya kulevya, vinavushwa ziwani kwenda Zambia na huko kusini. Serikali imeweka boti ya doria." Alikohoa. "Ndiyo iliyomshika mumeo juzi. Ameitwa hakuitika, ameambiwa asimame hakusimama, kisha akatupa mzigo majini."

Albina alijifuta povu kwenye gauni. Kalisti wake? Kalisti alikuwa nahodha wa boti ya mizigo ya Mzee Bashiri, na zaidi ya hapo alikuwa mwenyekiti wa walei wa kigango chao hapa Milanzi. Hata akiwa ziwani wiki tatu mfululizo, nafasi yake kwenye benchi la mbele kanisani haikukaliwa na mtu. Pombe hanywi, hata ile ya ulezi ambayo Mfipa hukaribishwa nayo kabla hajaulizwa habari za nyumbani. Watu walimheshimu, ingawa wapo waliosema kwamba Mungu mwenyewe ana huruma kuliko mwenyekiti wake.

Mmoja wa wasemaji hao alikuwa amesimama nje ya ua sasa hivi, mikono kifuani. Epifania alikuwa mjane. Miezi michache nyuma alimpeleka mjukuu wake mgonjwa kwa mganga huko bondeni Mtowisa, na Kalisti akasimama kikaoni akalisema jambo hilo mbele ya watu wote. Padre akamzuia kupokea komunyo kwa mwaka mzima. Tangu siku hiyo Epifania hukaa benchi la mwisho, karibu na mlango.

Albina alimtazama akitegemea kicheko. Epifania hakucheka, wala hakusema pole. Alitazama tu unga ukimwagwa.

Mgambo walipomaliza, balozi alibaki nyuma kidogo. "Usinichukie, Mama Dominika. Kazi."

"Jembe langu, balozi," alisema Albina.

*

Nyumba ya Mzee Bashiri ilikuwa nyuma ya duka lake pale mjini Sumbawanga. Dukani siku hizo kulikuwa na viberiti, chumvi na rafu tupu nyingi. Msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umepita, na mfanyabiashara aliyebaki nje ya jela aliona heri kuuza utupu kuliko kuulizwa mali ameitoa wapi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ingia, mama, ingia haraka. Watu wasione."

Kulsumu, mke wa Bashiri, alimkalisha kwenye jamvi na kumpa chai yenye sukari, kitu ambacho Albina hakuwa amekionja tangu Pasaka. Pembeni alikaa Uledi, baharia wa Kalisti, ambaye alikuwa ameachiwa na kupandishwa lori hadi mjini. Shati lake lilikuwa limechanika bega.

"Niambie, shemeji," alisema Albina. "Usinifiche."

"Nikufiche nini? Tulikuwa na chumvi na saruji za vijiji, vibali vyote tunavyo. Tukafika Nakaswa."

Albina akaweka kikombe chini.

Nakaswa ni mwamba mweusi unaojitokeza ziwani, mwendo wa nusu siku kwa boti ya mizigo kutoka bandari ya Kasanga. Wanaopita pale na chombo, Waislamu kwa Wakristo, wanajua mambo mawili. Kwanza unanyamaza. Huitiki hata ukiitwa na mama yako mzazi, na injini unaipunguza lakini huizimi, mpaka mwamba ubaki nyuma. Pili, unautupia mwamba unga mweupe. Anayepita na kelele, maji yatamjibu.

"Tuko katikati ya kile kimya," aliendelea Uledi, "doria hao. Wanapiga honi. Kipaza sauti kinasema simamisha chombo, jitambulishe! Nahodha anatazama mbele, na mimi natazama miguu yangu. Wakapiga risasi hewani. Na mumeo, shemeji, akachukua kile kifurushi chake cheupe akakitupa, kama siku zote. Mbele ya darubini yao!"

Kile kifurushi Albina alikifahamu kuliko alivyoifahamu nguo yake. Alikisaga mwenyewe, akakichekecha mara mbili, akakifunga kwa kitambaa kipya. Alianza miaka miwili nyuma, kaka yake Alois alipozama karibu na mwamba huo huo, akiwa kwenye boti iliyojaa vijana waliokuwa wakiimba. Kalisti alikataa, akasema ni ushenzi. Albina akalia usiku kucha, kisha akaacha kula. Siku ya tatu mwenyekiti wa walei alichukua kifurushi, akakificha chini ya mashati yake, na hawakulizungumza tena. Kila safari Albina alikiacha kingine mahali pale pale, na kila safari Kalisti alikikuta.

"Mlipoulizwa mkasema nini?"

"Mimi nilisema sikuona kitu. Nahodha alinikata jicho, ningefanyaje?"

"Na yeye mwenyewe kwa nini hasemi ulikuwa unga?"

Uledi alimtazama kwa mshangao. "Shemeji, unauliza? Mwenyekiti mzima?"

Mzee Bashiri alikuwa akizunguka na tasbihi mkononi. "Hata akisema, nani atamwamini? Yule afande wa doria ni mtu wa pwani, mambo ya ziwa hayajui. Sikiliza, mama. Mimi siwezi kwenda huko Kasanga anakoshikiliwa, wakiniona watasema vidonge ni vyangu. Wewe utapanda lori langu alfajiri. Mwambie aseme ilikuwa bangi. Kidogo, ya kuvuta mwenyewe. Jambo dogo, litaisha, na chombo changu kitarudi."

"Kalisti havuti hata sigara, mzee."

"Aanze leo!"

Kulsumu alimsindikiza hadi uani na kumfunga khanga yake mwenyewe mabegani. "Huyu anaifikiria boti," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe mfikirie mumeo, dada yangu."

*

Lori lilishuka kutoka kwenye baridi ya Ufipa, na kila kona joto likaongezeka, hadi ziwa likaonekana chini. Pale Kasanga Albina aliiona boti ya Bashiri imefungwa gatini, magunia ya chumvi yamepasuliwa na chumvi imelowa. Kando yake ilielea ile boti ya doria, ya kijivu, yenye bunduki kubwa mbele iliyofunikwa turubai.

Askari wa zamu kituoni aliukagua mfuko wake wa viazi kimoja kimoja, akavibonyeza, akamrudishia vyote, viwili vikiwa vimepondeka. Kisha Kalisti akaletwa, bila mkanda, akishikilia suruali yake kwa mkono. Albina alitazama pembeni ili mumewe asione kwamba ameiona ile suruali.

Alimsalimu kwa Kifipa.

"Kiswahili!" alifoka askari.

"Watoto hawajambo?" aliuliza Kalisti kwa Kiswahili, kama mgeni.

"Hawajambo. Nyumba imepekuliwa. Wamemwaga unga wote, Epifania akiwa anatazama."

Kalisti alifumba macho. Hilo la Epifania lilimchoma zaidi. "Bashiri amekutuma?"

"Anasema useme bangi."

"Nimekwisha kufikiria hivyo hata kabla yake. Kesho nitasema."

"Utafungwa, Baba Dominika! Sasa hivi hawachezi. Utafungwa miaka kwa kitu ambacho hata harufu yake huijui."

"Bangi ni dhambi ya kawaida," alisema Kalisti polepole. Ilionekana alikuwa amelizungusha jambo hilo kichwani kwa muda mrefu. "Mtu anaanguka, anatubu, anasimama. Lakini nikisema nilikuwa nalisha mwamba, mimi niliyesimama mbele ya watu nikamtaja Epifania? Nitarudi Milanzi na uso gani?"

"Na mimi nitalima na uso gani, nikilea watoto wanne wa mfungwa wa bangi?"

"Na wataniuliza nani alisaga." Aliinamisha kichwa. "Padre atakuzuia na wewe. Hilo sitalitamka."

Albina hakuwa amelitegemea hilo. Siku zote alidhani mumewe anabeba kile kifurushi kwa kumwonea aibu, au ili tu apate amani ya kula chakula chake. Sasa alimwona amesimama pale na suruali mkononi, anataka kwenda jela ili mkewe asikose komunyo, na alimpenda, na alitaka pia kumzaba kibao.

"Muda umekwisha," alisema askari.

*

Kamanda wa doria aliitwa Afande Saad, mtu mwembamba kutoka Tanga, mwenye adabu iliyokuwa inatisha kuliko ukali. Alimpa Albina kiti.

"Mama, nimekaa majini miaka kumi na mitano. Chombo kisicho na kosa kinajibu. Chombo kisicho na kosa kinasimama. Chombo kisicho na kosa hakitupi kitu. Mumeo amekosea yote matatu kwa dakika moja."

"Ulikuwa unga, afande."

"Unga wa nini?"

"Sembe. Nilisaga mimi kwa mikono yangu." Akamweleza yote, Nakaswa, Alois, kifurushi. Alieleza huku anaona haya, kwa maana mbele ya mtu aliyevaa vyeo jambo hilo lilisikika dogo na la kijinga. Karani pembeni alianza kucheka, akajifanya anapenga kamasi.

Afande Saad hakucheka. "Mumeo anasema hivyo?"

"Hasemi. Anaona aibu, ni mkubwa wa kanisa."

"Kwa hiyo nimwamini mke, wakati mume mwenyewe hataki kusema. Na baharia wake hakuona." Alikuna kidevu. "Mama, kila niliyemkamata ana mke, na kila mke ana habari yake."

"Basi nipeleke ukanitupe huko huko Nakaswa," alisema Albina. Machozi yalimtoka na akayaacha yatoke. "Sina habari nyingine. Hiyo ndiyo niliyo nayo."

Afande alitazama dirishani, kule gatini. Kisha akasema kwamba kesho alfajiri doria inaelekea upande ule. Nahodha atapelekwa akaonyeshe aliposimama na alipotupa. "Na wewe utakuja. Utakaa nyuma, hutagusa kitu."

*

Walimkalisha Kalisti kwenye sanduku, mikono imefungwa mbele. Albina alikaa juu ya kamba nene upande wa nyuma. Kwenye usukani alisimama askari kijana wa Kifipa, mzaliwa wa vijiji vya pwani ya ziwa, aitwaye Flavian, mwenye rozari iliyochungulia kolani. Tangu walipoondoka alikuwa amekwepa kabisa kumtazama Kalisti.

Jua lilikuwa limepanda vizuri Nakaswa ulipojitokeza, mweusi, mawimbi madogo yakiulamba miguuni. Hakuna aliyetangaza kitu. Kalisti aliinamisha kichwa, na Albina akabana midomo bila hata kujua kwamba anaibana. Injini ikapungua.

"Flavian," alisema Afande Saad, macho kwenye ramani, "pinda kulia kidogo."

Boti ikapinda kulia. Flavian hakuitika.

Kamanda aliinua uso. Kwenye boti ile amri hujibiwa kabla haijaisha. "Flavian! Umenisikia?"

Kimya. Mikono ya kijana ilishika usukani sawasawa, jasho likimteremka shingoni hadi kwenye ile rozari. Askari wengine wakageuka. Mmoja wao alifungua mdomo akitaka kumshtua mwenzake, afande akamzuia kwa mkono.

"Askari Flavian. Nakuita kwa mara ya tatu."

Flavian alitazama mbele. Kalisti alikuwa ameinua kichwa sasa na kumkazia macho kijana yule. Albina alihesabu pumzi zake mwenyewe, akimwomba Mungu, na Mungu amsamehe, akimwomba na Nakaswa pia, kijana asifungue mdomo.

Mwamba ukabaki nyuma. Injini ikanguruma.

"Naam, afande," alisema Flavian. "Nimesikia. Nimepinda kulia."

Afande Saad alivua kofia, akaiweka juu ya ramani. Kwa muda alimtazama askari wake, kisha mwamba, kisha mfungwa.

"Siku ile nani alikuwa kwenye usukani?"

"Mimi, afande."

"Ulijua anachotupa."

"Hukuniuliza, afande."

"Na ningekuuliza, ungesema?"

Kijana hakujibu, na safari hii hakuwa na mwamba wa kusingizia. Adhabu yake ilikuja baadaye, wiki mbili za kusugua boti, na alizisugua bila kulalamika.

Kamanda alikwenda akachuchumaa mbele ya Kalisti. "Ndugu nahodha. Wakati sisi tunapasua magunia yenu ya chumvi moja moja, boti niliyoambiwa niivizie ilipita. Jana nimepata habari kwa redio. Vidonge vimekwisha kufika ng'ambo, vinakwenda kusini kuua watoto wa watu. Kwa hiyo sina muda wa mchezo. Nitauliza mara moja, na nitakachojibiwa ndicho nitakachotuma Sumbawanga. Ulitupa nini?"

Kalisti alimtazama mkewe. Albina aliona anavyolitafuta lile neno bangi, lilivyokuwa karibu, lilivyokuwa jepesi.

"Nilisaga mimi," alisema Albina kutoka nyuma, kwa sauti iliyosikika boti nzima. "Wakiuliza Milanzi, semeni nilisaga mimi."

"Unga," alisema Kalisti. Lilimtoka kama jino. "Nilitupa unga, afande. Kwa ajili ya mwamba."

*

Ujumbe wa redio kwamba Kalisti ameachiwa ulifika Sumbawanga kabla yao, na Balozi Wilibrodi, ambaye dhamiri ilikuwa inamsumbua juu ya ule unga na labda juu ya lile jembe, aliamua kuwatendea haki majirani zake. Aliita nyumba zake kumi zote, akapanda juu ya kigoda, akasafisha koo. Kalisti na Albina walikuwa wamesimama mbele, walivyoagizwa.

"Ndugu wananchi! Pamekuwa na maneno mabaya juu ya ndugu yetu Kalisti. Napenda kutangaza rasmi kwamba ndugu Kalisti si mhalifu, wala hana vidonge. Serikali imechunguza, imeridhika. Ndugu Kalisti alikuwa anatambikia mwamba tu!"

Alipiga makofi. Watu wakapiga pia, wengine wakitazamana. Mtoto mmoja akauliza mwamba gani, akanyamazishwa.

"Pamoja na mkewe," aliongeza balozi, asije akamwacha mtu.

Jumapili Kalisti alivaa koti lake. Padre alikuwa amewaita jana yake na kuwapa mwaka mmoja wa kukosa komunyo, ule ule wa Epifania, bila kuupunguza siku, na Kalisti hakuomba upunguzwe. Walipoingia kanisani, upande wa wanaume benchi la mbele lilikuwa na nafasi moja wazi, kwa mazoea. Kalisti aliitazama, akakaa benchi la mwisho. Albina alivuka kwenda upande wa wanawake, benchi la mwisho pia, alikokuwa amekaa Epifania peke yake.

Epifania alimtazama kuanzia miguuni hadi kwenye kilemba. Kisha akasogea. "Kaa huku," alinong'ona. "Hapo upepo wa mlango unapiga."

Ilipofika komunyo, watu wakainuka benchi baada ya benchi, wakapanga mstari. Waliobaki wamekaa ni watatu. Ng'ambo ya ule ujia mwembamba Kalisti hakujua pa kuweka mikono. Aliifumbata, akaifumbua, akashika benchi lililokuwa mbele yake. Miaka yote aliyokaa mbele hakuwahi kugeuka kuona wanaobaki nyuma wanafanya nini. Albina alitaka kwenda kuishika ile mikono, lakini kanisani pale ujia ulikuwa ujia.

Kalisti akainama upande wao. "Mama Epifania," aliuliza kwa sauti iliyokauka, "wakati huu huwa unafanya nini?"

Epifania alifikiri kidogo.

"Natazama visigino vyao," alisema. "Utazoea."

Kalisti akarudi akakaa sawa, akatazama visigino.